Kura ya Aliye Ng'ambo



Wazee wetu walisema, "Asiyekuwapo na lake halipo." Methali hii twaisikia sana katika vikao vya ukoo. Ndugu mmoja hakufika, shamba likagawanywa, naye aliporudi na kulalamika akajibiwa kwa maneno hayo, shauri likaisha. Siku hizi twaisikia pia katika mazungumzo ya uchaguzi. Watu wakiwa wamesimama nje ya kanisa baada ya ibada, mmoja huuliza vijana wetu walioko Doha, Dubai, London na Marekani wana haja gani na kura ya Kenya. Wengine hucheka na kusema, "Wao wamekwisha kwenda. Watuachie sisi tuliobaki."

Swali hili halifai kujibiwa kwa kicheko. Parishi yetu, kama parishi nyingi za Pwani, ina watoto wengi ng'ambo. Ni nadra sasa kukuta benchi kanisani lisilo na mzazi mwenye mtoto Uarabuni. Je, watoto hawa wana haki ya kushiriki katika kumchagua atakayetutawala sisi tulioko huku? Na kama wana haki hiyo, je, yawapasa kuitumia, nasi wazazi wao yatupasa kuwahimiza? Hayo ni maswali mawili, na watu wengi huyachanganya.

Kuhusu haki, sheria imekwisha kusema. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 82, ililiagiza Bunge litunge sheria ya kuwaandikisha raia wanaokaa nje ya nchi na kuwawezesha kupiga kura, jambo hilo likitimizwa hatua kwa hatua. Hatua zenyewe zimekuwa fupi. Mwaka 2013 Wakenya waliokuwa Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi walipiga kura huko huko waliko. Walioandikishwa walikuwa 2,637. Mwaka 2017 iliongezwa Afrika Kusini, idadi ikawa 4,393. Mwaka 2022 nchi zikawa 12, zikiwamo Qatar, Falme za Kiarabu, Uingereza, Ujerumani, Kanada na Marekani, na walioandikishwa wakafika 10,443. Wako waliokwenda mahakamani kulalamika kwamba mwendo huu ni wa kobe, na Mahakama ya Juu ilikata shauri mwaka 2015 kwamba haki hii itimizwe kidogo kidogo kama Katiba inavyosema. Kura yenyewe wanayopiga ni moja tu, ya Rais. Gavana, mbunge na mwakilishi wa wadi huchaguliwa na walioko nyumbani.

Watu 10,443, kando ya wapiga kura 22,120,458 walioandikishwa mwaka huo wa 2022, ni kama konzi moja ya mtama katika gunia. Lakini Wakenya walioko nje, kwa hesabu ndogo kabisa, ni mamia ya maelfu. Mwaka huo huo aliyeshinda na aliyemfuata walitofautiana kwa kura 233,211. Mwaka 2013 mshindi alitangazwa kwa asilimia 50.07, yaani alivuka nusu kwa kura elfu chache tu. Kwa hiyo, kama walioko nje wangaliandikishwa kwa wingi na kupiga kura, huenda wao ndio wangaliamua nani aingie Ikulu. Hapo ndipo wanaopinga wanapopata nguvu, na ni haki tuwasikilize.

Hoja yao yaweza kuelezwa kwa methali nyingine: kitanda usichokilalia, hujui kunguni wake. Aliye Toronto hanunui unga kwa bei ya duka la hapa. Serikali ikiwa mbaya, yeye hatasimama katika foleni ya dawa na kuambiwa dawa zimekwisha. Yeye achague, sisi tuishi na alichokichagua, hiyo ni haki gani? Tena, wasema, aliye mbali huona siasa kama mtu atazamaye mpira: hupiga kelele kwa nguvu kuliko wachezaji, wala haumii mguu. Wanatukumbusha miezi ile baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, ambapo zaidi ya watu 1,000 waliuawa na mamia ya maelfu wakakimbia makwao. Yeyote aliyeandika maneno ya chuki akiwa ng'ambo katika miezi ile hakulala kambini wala hakuchomewa nyumba. Alizima taa yake akalala usingizi.

Hoja hii twaikubali nusu. Sheria imefanya vema kuwaachia walioko nyumbani wachague gavana na mbunge na mwakilishi wa wadi. Bomba la maji la mtaa, barabara ya kwenda sokoni, zahanati na shule ya chekechea, haya ni mambo ambayo kwayo asiyekuwapo kweli na lake halipo. Mtu hawezi kujua kisima gani kimekauka kwa kuangalia simu.

Lakini kwa kura ya Rais twaona methali ile ya kitanda imegeuka. Mchukueni binti wa parishi yoyote ya Pwani aliyekwenda kufanya kazi za nyumbani katika nchi moja ya Ghuba. Wakala aliyempeleka alipewa leseni na serikali ya Kenya. Mapatano ya wafanyakazi, ambayo ndiyo yenye kueleza haki zake, yametiwa sahihi kati ya serikali ya Kenya na serikali ya nchi ile. Akipigwa, au mshahara wake ukizuiliwa, mlango wa kwanza wa kubisha ni ubalozi wa Kenya. Na Mungu apishe mbali, akifa, ni ubalozi huo huo unaoshughulikia maiti yake irudishwe kwa wazazi. Balozi huteuliwa na Rais. Sasa mlinganisheni binti huyu na mzee mwenye shamba lake huko Taita, anayelima mahindi yake na kufuga mbuzi wake. Mzee aweza kupitisha mwaka mzima bila kukutana na serikali ya Nairobi uso kwa uso, isipokuwa kwa kodi iliyofichwa ndani ya bei ya sukari. Binti kila siku yake inategemea karatasi zilizotiwa sahihi Nairobi. Ni nani basi anayekilalia kitanda hicho? Sisi twaona ni binti.

Jambo la pili ni la aibu kidogo, lakini na lisemwe. Benki Kuu ya Kenya ilihesabu kwamba fedha zilizotumwa nyumbani na walioko nje mwaka 2024 zilizidi dola za Marekani bilioni 4.9, nyingi kuliko tunazopata kwa kuuza chai yetu yote. Fedha hizo twazijua kwa majina. Ni karo ya mdogo wake, mabati ya nyumba ya mama, dawa za sukari za baba, na mara nyingine ni mchango wa harambee ya kanisa, uliosomwa mbele ya watu wote na kupigiwa makofi. Katika habari za fedha hatujasikia mtu akisema kwamba aliyekwenda amekwisha kwenda. Simu hupigwa hata usiku. Inakuwaje basi mtoto huyu ni wa nyumbani wakati wa kutoa, na ni mgeni wakati wa kusema? Tueleweke vizuri. Hatusemi kwamba fedha zinunue kura, maana hapo tungemnyima haki kijana aliyepoteza kazi huko na hawezi kutuma hata shilingi, naye ni raia sawasawa na mwenye kutuma nyingi. Tunachosema ni kwamba kama twamhesabu kuwa mmoja wetu kwa jambo hili, hatuna kisingizio cha kumtoa katika hesabu kwa jambo lile.

Sisi tuliofundisha shule twajua kwamba mtoto asiyefika darasani haondolewi katika rejista. Mwalimu humwita jina lake asubuhi, akinyamaza huandikwa kwamba hayupo, na kesho yake huitwa tena. Jina hufutwa pale tu mzazi anapokuja kuchukua barua ya uhamisho. Kwa raia wa Kenya kwa kuzaliwa, Katiba yetu haina barua hiyo ya uhamisho isipokuwa aitake mwenyewe; hata akipata uraia wa nchi nyingine, wa Kenya haupotezi.

Kanisa letu hapa Pwani nalo lina sababu zake za kutowadharau watu waliopelekwa mbali. William Jones na Ishmael Semler walichukuliwa utumwani wakiwa watoto, wakakombolewa, wakalelewa na kusomeshwa Uhindini. Walirudi Afrika mwaka 1864, wakafanya kazi ya Injili kule Rabai, na mwaka 1885 Askofu Hannington akawapa ushemasi. Wenzao wengi waliotoka Bombay walikuja kuijenga Frere Town, hapa Kisauni, baada ya mwaka 1875. Hawakuwa wazaliwa wa Mombasa, na miaka yao mingi walikuwa ng'ambo ya bahari. Lakini waliyoyaona huko yalikuwa faida kwa waliokuwa huku. Mtu aliyeona jinsi mji mwingine unavyokusanya taka zake na kuwalipa walimu wake hurudi na maswali ambayo sisi tuliozoea tumeacha kuuliza.

Basi na tuje kwenye swali la pili, la wajibu, ambalo sheria haiwezi kutujibia.

Hapa twamfikiria Nehemia. Alikuwa Shushani, katika jumba la mfalme wa Uajemi, kazi yake ni ya heshima na tumbo lake limeshiba. Ndugu yake Hanani alipofika kutoka Yuda, jambo la kwanza Nehemia aliuliza habari za watu waliosalia na habari za Yerusalemu. Alipojibiwa kwamba ukuta umebomoka, aliketi akalia, akafunga, akaomba, na katika maombi hayo alijihesabu yeye na nyumba ya baba yake miongoni mwa waliokosa. Hakusema "wale wamekosa". Kisha aliomba ruhusa akaenda. Na alipofika Yerusalemu hakutoa hotuba. Alikaa siku tatu, akaondoka usiku na watu wachache, akauzunguka ukuta na kuutazama kwa macho yake palipobomoka na malango yaliyoteketea. Baada ya hapo ndipo alipowaambia watu shauri lake.

Twaona hapo jibu kwa wale wanaoogopa mshabiki wa mbali. Dawa yake si kumnyima kura. Ni kumtaka aulize kabla ya kuchagua, kama Nehemia alivyomwuliza Hanani. Kijana aliye ng'ambo ambaye habari zake zote za Kenya hutoka katika vipande vya video anavyotumiwa na watu wa kabila lake, huyo atapiga kura ya hasira. Anayempigia simu shangazi yake akamwuliza debe la mahindi ni bei gani, mdogo wake anasoma na watoto wangapi darasani, majirani wa kabila jingine wangali wanasalimiana nao au la, huyo amekwisha kuuzunguka ukuta kwa kadiri awezavyo. Na hapa sisi wazazi tuna lawama yetu. Tukipigiwa simu twaeleza matatizo ya fedha tu, au twasema "huku ni kuzuri, mwanangu," ili asisumbuke. Tukimficha hali ya nchi, tusishangae akiichagulia vibaya.

Kadhalika, wajibu haulingani kwa wote. Yuko mtu aliyekaa Texas miaka 30, watoto wake hawajui hata kusalimu kwa Kiswahili, nyumba hana huku, wala hana nia ya kurudi ila labda ndani ya sanduku. Haki yake ipo, lakini sisi hatungemsukuma. Waingereza nao wamesumbuka na jambo hili: mwaka 1985 waliwaruhusu raia wao walioko nje kupiga kura kwa miaka 5 tangu kuondoka, baadaye wakaongeza ikawa 20, wakapunguza ikawa 15, na Januari 2024 wakaondoa kikomo chote. Ukiona watu wamebadili shauri mara nne hivi, ujue hakuna aliyepata kipimo kilichonyooka. Kwetu sisi kipimo cha dhamiri chatosha. Kama ukisikia habari mbaya ya Kenya wakosa usingizi, kapige kura. Kama waisikia kama habari ya nchi yoyote ile, basi uwe raia mwema huko ulipo, maana nabii Yeremia naye aliwaandikia waliohamishwa Babeli wautakie amani mji wanaoishi. Wengi wa vijana wetu wa Ghuba hawamo katika kundi hilo la pili. Mikataba yao ni ya miaka michache, na nchi zile haziwapi uraia hata wakikaa humo ujana wao wote. Wasipokuwa na sauti Kenya, hawana sauti popote duniani.

Kwa hiyo kijana aliye Qatar, Falme za Kiarabu, Uingereza au nchi jirani, twamhimiza kwa moyo wote, na ni vema wazazi wamwambie mapema kabla ya Agosti 2027. Ajue kwamba Kenya haina kura ya posta: mtu hupiga kura pale alipoandikishwa. Aliyeandikishwa Likoni kisha akahamia Doha hana budi kuhamisha jina lake, la sivyo siku ile atakuwa mtazamaji. Safari zilizopita uandikishaji wa nje ulifanyika katika balozi na kwa muda mfupi, kwa hiyo aulize mapema pasipoti yake ikiwa bado hai. Na tukubali kwamba kwa wengine ni safari ya kweli. Mwaka 2022 vituo vya Marekani vilikuwa Washington, New York na Los Angeles. Aliye Minnesota alitakiwa kupanda ndege kwenda kuweka alama moja kwenye karatasi. Atakayefanya hivyo twamsifu, lakini asiyeweza tusimwite msaliti. Hapo kosa ni la mpango, na mpango waweza kutengenezwa. Majirani zetu wa Msumbiji wana viti viwili Bungeni vya raia walioko nje, na Wafaransa wana wabunge 11. Ndugu zetu Watanzania, kwa upande mwingine, lazima wawepo nyumbani ndipo wapige kura, nao wanaendelea kuhojiana juu ya jambo hili.

Amebaki mmoja ambaye hayumo katika himizo hili. Saudi Arabia, ambako Wakenya wengi sana hufanya kazi, haikuwamo katika zile nchi 12 za mwaka 2022. Hata ingalikuwamo, binti aliye ndani ya nyumba ya mtu, pasipoti yake imefungiwa kabatini mwa mwajiri, siku ya kupumzika hana, na uchaguzi wetu huwa siku ya Jumanne, angetokaje kwenda ubalozini? Huyu tusimwambie habari za wajibu. Wajibu wake umetuangukia sisi. Hatusemi tumpigie kura yake. Kura ni ya mtu mmoja na ni ya siri, na mama asiende kituoni akidhani amebeba mbili. Lakini twaweza kumwuliza, siku apatapo nafasi ya kupiga simu, ni jambo gani angependa wagombea waulizwe.

Tangu Septemba 2021, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit alipokataza wanasiasa kuhutubia makanisani mwetu, hawasimami tena mbele ya altare kutuomba kura. Hata hivyo tunakutana nao matangani, sokoni na katika mikutano ya shule, na huko mtu aweza kuuliza. Awaulize kama Riyadh na Jeddah zitakuwa na vituo vya kupigia kura. Ubalozi wetu una maofisa wangapi wa kusikiliza mashtaka ya wafanyakazi. Na wakala anayepeleka mabinti wetu kisha akazima simu yake, leseni yake hufutwa na nani, na baada ya siku ngapi. Akina mama wenye mabinti huko wameanza kuandika maswali ya namna hii, na wenye la kuongeza waonane nao Jumapili baada ya ibada ya pili.